'Ploti' na 'Mpangilio': Neno Moja la Kiingereza katika Uhakiki wa Riwaya ya Nairobi

Utangulizi

Istilahi ya Kiingereza plot humfikia mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ikiwa imekwisha kuvishwa nguo kadhaa. Mwalimu mmoja huiita 'ploti', wa pili 'msuko', wa tatu 'mtiririko wa matukio', wa nne 'mpangilio wa matukio'. Katika tahakiki nyingi za Tanzania dhana hiyo hujadiliwa chini ya 'muundo'. Katika insha za mitihani istilahi hizi hupokezana nafasi ndani ya aya moja, na aghalabu mtahini haoni sababu ya kuuliza kwa nini. Desturi hii imejengwa juu ya dhana isiyosemwa waziwazi: kwamba maneno hayo ni visawe, na kwamba kuchagua moja na kuacha jingine ni suala la ladha tu, au la upande wa mpaka ambako mtu alisomea.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haina mashiko, hasa inapoingizwa katika uhakiki wa riwaya zinazohusu jiji la Nairobi. Neno plot lina maana tofauti katika taaluma tofauti, na Nairobi imezipokea karibu zote, kisha ikaziongezea yake. Kwa upande mwingine, Kiswahili kina kitenzi 'panga', ambacho nacho kimebeba maana zinazokaribiana mno na hizo. Hata hivyo, maneno haya mawili hayautazami ulimwengu kutoka upande mmoja. 'Ploti' ni neno la mwenye ardhi. 'Panga' ni neno la mpangaji. Mhakiki anayeyachanganya huitupa zana ambayo lugha yenyewe imemkabidhi.

Neno na Safari Yake

Katika Kiingereza, maana ya awali ya plot ni kipande kidogo cha ardhi. Katika karne ya 16 neno hilo lilikuwa likitumiwa pia kwa ramani ya kipande hicho au mchoro wa jengo litakalosimama juu yake. Kutoka kwenye mchoro likasogea hadi kwenye mpango wowote, hasa ule unaofanywa kwa siri na kwa nia mbaya. Na yamkini neno la Kifaransa complot lililisukuma upande huo. Mwaka 1605, Wakatoliki kadhaa wa Uingereza walipogunduliwa kuwa wameficha mapipa ya baruti chini ya jengo la Bunge mjini London, njama yao ilikuja kujulikana kwa neno hilohilo. Katika majumba ya maonyesho ya zama hizo za Shakespeare, karatasi iliyotundikwa nyuma ya jukwaa ili kuwakumbusha waigizaji nani aingie na lini, nayo iliitwa plot. Ndipo maana ya kifasihi, yaani utaratibu wa matukio katika tamthilia au hadithi, ilipokomaa.

Safari hii ina umuhimu kwa sababu dhana yenyewe ni kongwe kuliko neno. Aristotle, katika Poetics, aliuita utaratibu wa matukio mythos na kuufanya roho ya tanzia. Neno lake halikuwa na udongo ndani yake. Wafasiri wa Kiingereza ndio waliolitia udongo walipochagua plot. E. M. Forster, katika Aspects of the Novel (1927), alitofautisha hadithi, ambamo mambo hufuatana tu, na plot, ambamo jambo moja huleta jingine. Maelezo hayo ndiyo yanayorudiwa zaidi madarasani, nayo yanahusu sababu na matokeo, si ardhi. Ilikuwa hadi Peter Brooks alipochapisha Reading for the Plot (1984) ndipo mhakiki mashuhuri aliporudi kwenye kamusi na kuuliza kama ilikuwa sadfa kwamba ardhi iliyowekewa mipaka, mchoro, hadithi na njama zote zimekaa katika neno moja. Jibu lake lilikuwa kwamba zina uhusiano: zote zinahusu kuweka mipaka na kupanga kilicho ndani yake.

Hata hivyo, kwa msomaji wa Kiingereza uhusiano huo hauna budi kufukuliwa. Anayesoma riwaya ya upelelezi London hafikirii bustani ya nyuma ya nyumba. Hali ya Nairobi ni tofauti.

Neno Moja, Barabara Moja

Anayetaka kuziona maana hizo zikiwa hai hana haja ya kwenda mbali na Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika bewa kuu, karibu na katikati ya jiji, plot ni istilahi ya fasihi. Mwendo mfupi kuelekea magharibi, katika bewa la Chiromo, mwanafunzi wa sayansi hulitumia kama kitenzi cha kutia nukta kwenye grafu. Barabara ya Waiyaki ikishapita Westlands na Kangemi, lipo bewa la Upper Kabete, ambako mwanafunzi wa kilimo huiita ploti sehemu ya shamba la majaribio iliyopimwa, ikawekewa mbolea ya kiwango fulani ili mazao yake yalinganishwe na ya jirani yake. Matumizi haya yana historia yake. R. A. Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, ndiye aliyejenga misingi ya takwimu za majaribio juu ya vipande hivyo vya ardhi. Na hadi leo istilahi ya ploti husalia katika mbinu hizo hata jaribio linapofanywa kiwandani, pasipo na udongo wowote.

Kati ya mabewa hayo na kandokando ya njia hiyo, ipo ploti nyingine. Kangemi, Kawangware na sehemu nyingi za Dagoretti hazikuwa ndani ya mipaka ya mji wakati wa ukoloni. Ziliingizwa jijini mipaka ilipopanuliwa katika miaka ya 1960. Kadiri watu walivyoongezeka, wenye mashamba madogo ya huko walianza kujenga vyumba vya kukodisha. Hapo ndipo ploti ilipopata maana isiyojulikana na kamusi za Kiingereza. Si ardhi tupu tena, bali ni ua mzima: safu mbili za vyumba vinavyotazamana, lango moja, bomba moja la maji, choo kimoja au viwili vya wote, na kamba za nguo zinazopita katikati. Mtu husema anaishi 'kwenye ploti', husalimiana na 'watu wa ploti', na hujihadhari na 'maneno ya ploti'. Akivuka kidogo tu na kuingia Lavington, ambako kwa miaka mingi nyumba ilisimama peke yake katikati ya bustani, neno hugeuka sura. Huko ploti hununuliwa, huuzwa na huzungushiwa ukuta, lakini ni vigumu kumpata mkazi wa huko anayesema kwamba anaishi kwenye ploti. Mpaka wa tabaka umekuwa mpaka wa maana.

Maana ya njama nayo haikukosekana. Kwa wepesi wake, imo katika mazungumzo ya vijana wanaoulizana ploti ya jioni ni gani. Kwa uzito wake, imo katika historia ya unyakuzi wa ardhi. Mwaka 1989, Wangari Maathai alijitokeza kupinga mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma iliyo kando ya katikati ya jiji. Hatimaye mradi huo uliachwa. Mwaka 2003 iliteuliwa tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma nchini, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 2004. Mkazi wa Nairobi aliyezifuatilia habari hizo hakuhitaji msaada wa Brooks ili aelewe kwamba kipande cha ardhi na mpango wa siri vinaweza kuwa kitu kimoja.

Kitenzi 'Panga'

Kiswahili kwa upande wake kina mtandao wa maana ambao wahakiki wameutumia bila kuutazama. Kupanga ni kuweka vitu kwa safu au kwa utaratibu. Kutokana nako yanapatikana maneno 'mpango' na 'mpangilio'. Kupanga ni kuazimia jambo litakalofanywa. Njama nazo hupangwa. Na kupanga ni kukaa katika nyumba ya mwingine kwa kulipa kodi. Anayefanya hivyo huitwa 'mpangaji'. Mwanaleksikografia anaweza kuamua kwamba haya ni maneno mawili yaliyofanana kwa sauti, la kuratibu na la kukodi, kama vile ambavyo panga la kufyekea ni neno jingine kabisa. Uamuzi huo, uwe vyovyote vile, hauibomoi hoja hii. Fasihi hufanya kazi kwa maneno kama yanavyosikika, na mshairi yeyote wa Kiswahili anajua kwamba sikio halingoji kuonyeshwa mizizi ndipo liunganishe sauti.

Tofauti kati ya mitandao hii miwili ndiyo yenye maana kwa mhakiki. Plot huanza na ardhi iliyokatwa, na kwa hiyo huanza na swali la nani aliyeikata. Mchoro, mpango na hadithi hufuata baadaye. 'Panga' haina ardhi. Huanza na mtu aliye na vitu mkononi, anayetafuta namna ya kuviweka. Sarufi yenyewe inathibitisha jambo hili: mpangaji ndiye mtenda wa kitenzi cha msingi, ilhali mwenye nyumba 'hupangisha', yaani huingia kwa mlango wa kauli ya kusababisha. Asiyemiliki ndiye anayepanga. Anayemiliki husababisha tu wengine wapange.

'Msuko' uko kando ya ugomvi huo. Umetokana na kusuka, iwe ni ukili wa mkeka au nywele, nao humwelekeza msomaji kwenye mkono wa mtunzi: jinsi alivyopitisha uzi huu juu ya ule, alipokaza na alipolegeza. Kwa hiyo, istilahi tatu zinazochukuliwa kuwa visawe hutazama pande tatu. Msuko humtazama mtunzi. Ploti hutazama mipaka na mwenye mipaka. Mpangilio huwatazama wale wanaoratibu maisha yao ndani ya mipaka wasiyoiweka.

Ploti ya Gitutu

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliandikwa katika gereza la Kamiti mwaka 1978, ikachapishwa kwa Kikuyu mwaka 1980 na kwa Kiswahili, kwa jina la Shetani Msalabani, mwaka 1982. Katikati yake kuna karamu pangoni Ilmorog, ambako wezi na wanyang'anyi husimama kwa zamu kujisifia ujanja wao. Gitutu wa Gataanguru ni mmoja wao, na ujanja wake ni wa ploti kwa maana zake zote. Alinunua shamba kwa mkopo wa benki alioupata kwa njia za mzunguko, akalikata vipande, akawauzia watu wenye njaa ya ardhi kwa bei iliyomtajirisha. Hakulima wala hakupanda. Alichofanya ni kuchora mistari. Kisha anatoa ndoto yake ya baadaye: siku moja udongo utauzwa katika vyombo vidogo, na hata hewa itafungwa na kuuzwa. Kichekesho hicho ni mantiki ya ploti iliyofikishwa ukomo wake, mahali ambapo kipande kimekatwa hadi kikaacha kuwa ardhi.

Mwanzo wa riwaya unamhusu mpangaji. Wariinga amefukuzwa kazi kwa kukataa matakwa ya Boss Kihara, ameachwa na mpenzi wake, na mwisho ametolewa chumbani mwake Ofafa Jericho, mashariki mwa jiji, kwa sababu ya kodi. Pigo hilo la tatu ndilo linalomtoa njiani na kumwelekeza Ilmorog. Kitendo cha riwaya huanza pale mpangaji anapotupwa nje ya ploti. Baadaye, akiwa fundi wa magari katika gereji ya wazi jijini pamoja na wenzake, uwanja huo nao unauzwa, na mnunuzi ni yuleyule Boss Kihara, akishirikiana na wageni, ili ijengwe hoteli ya watalii. Hatimaye inabainika kwamba baba wa mchumba wake, Gatuiria, ndiye tajiri mzee aliyempa mimba na kumtelekeza alipokuwa msichana wa shule.

Msomaji anayetumia kipimo cha 'msuko' ana haki ya kulalamika hapa. Sadfa zimezidi, nyuzi zimekazwa kwa nguvu mno, na mkono wa mtunzi unaonekana. Lakini msomaji huyohuyo akihamia kwenye kipimo cha 'ploti', lawama hiyo hupungua nguvu. Katika jamii ambamo ardhi, kazi, nyumba na hata viwanja vya gereji vimekusanyika mikononi mwa watu wachache, anayetembea kutoka ploti moja hadi nyingine atakutana na mwenyewe yuleyule. Kinachoonekana kuwa sadfa ya kisanaa ni maelezo ya umilikaji. Hii haimaanishi kwamba kasoro za kisanaa hazipo. Inamaanisha kwamba kasoro na ukweli wa riwaya vinakaa mahali pamoja, na istilahi moja haitoshi kuviona vyote viwili.

Kipimo cha tatu, cha 'mpangilio', kinafichua upungufu mwingine. Wariinga anampiga risasi tajiri mzee, kisha anaondoka bila kuangalia nyuma, huku riwaya ikidokeza kwamba mapambano makubwa zaidi yako mbele. Mwenye ploti ameanguka, lakini mpangaji hajapata mpango. Hasira ya mwisho huo ni kubwa, na haki yake haipingiki. Hata hivyo, walipokwenda wenzake wa gereji baada ya uwanja wao kuuzwa ni swali ambalo riwaya haikulipa nafasi inayolistahili.

Wapangaji wa Dacca House

Meja Mwangi aliandika kwa Kiingereza, na katika The Cockroach Dance (1979) swali hilo ndilo linaloshika usukani. Dusman Gonzaga, msomaji wa mita, anaishi Dacca House katika Grogan Road, barabara ambayo leo inaitwa Kirinyaga Road, ukingoni mwa katikati ya jiji. Jumba hilo limegawanywa na mwenyewe, Tumbo Kubwa, hadi bafu limekuwa makao ya familia. Jina la mwenye nyumba limeachwa kwa Kiswahili ndani ya riwaya ya Kiingereza, na halihitaji ufafanuzi kwa msomaji wa Nairobi. Tumbo Kubwa na Gitutu ni ndugu wa mbinu moja: kuongeza mistari ndani ya mipaka ileile.

Riwaya hii imewahi kuonekana kuwa haina ploti ya kutosha. Matukio yake hujirudia: choo kimeziba, takataka zimejaa, mende wamerudi, Dusman amekasirika tena. Kwa kipimo cha Forster, cha jambo kuleta jambo, lawama hiyo ina msingi. Lakini Dacca House ni ploti kwa maana ya Kawangware, na maisha ya ploti huenda hivyo. Mwezi huisha, kodi hudaiwa, foleni ya choo hurudi pale ilipokuwa jana. Wapangaji hawana mwanzo, kati na mwisho. Wana tarehe ya kodi. Mwandishi ambaye angeyapanga maisha hayo kwa mstari ulionyooka angekuwa amewakopesha wakazi wa Dacca House wakati wasiokuwa nao.

Ndipo uzito wa tendo la mwisho unapoonekana. Dusman, ambaye kwa kurasa nyingi amegombana na kila mtu na hata kutiliwa shaka akili zake, anawashawishi wapangaji wenzake wakatae kulipa kodi hadi jumba litengenezwe. Kwa Kiingereza hilo ni tukio moja katika plot. Kwa Kiswahili kuna zaidi: wapangaji wamepanga. Maana mbili za kitenzi, zilizokuwa zikitembea sambamba tangu mwanzo bila kugusana, zimekutana. Watu waliokuwa wamepangwa vyumbani kama mizigo ghalani wameanza kuwa watenda wa kitenzi chao wenyewe. Mwangi hakuandika neno hilo, na haitakuwa haki kumbebesha nia hiyo. Lakini mhakiki anayeisoma riwaya yake kwa Kiswahili hana sababu ya kuziba masikio.

Mipaka ya Hoja

Pingamizi tatu zinaweza kuletwa. Ya kwanza ni ya kijiografia. Msomaji wa Dar es Salaam au Unguja haishi kwenye ploti. Hati zake za ardhi hutaja 'kiwanja' na 'kitalu', na kwake 'ploti' hubaki istilahi kavu ya darasani. Pingamizi hili ni la kweli, na ndilo linaloonyesha hatari ya kudhani kwamba istilahi moja itafanya kazi moja kila mahali. 'Panga', hata hivyo, ni mali ya wote.

Ya pili ni ya utanzu. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zimeyavunja mapokeo ya matukio yanayofuatana kwa sababu na matokeo, na haziko katika mji wenye kodi wala lango. Kuzitafutia ploti kwa maana iliyojadiliwa hapa kungekuwa kuzilazimisha. Huko 'msuko' una kazi kubwa zaidi, hata kama ni kuonyesha namna mtunzi alivyoufumua.

Ya tatu ndiyo nzito: kwamba uhakiki unaojengwa juu ya maana za neno huishia katika mchezo wa maneno. Jibu la pingamizi hili haliko katika nadharia bali katika matokeo. Ikiwa kulitofautisha neno hakubadilishi usomaji, basi ni mchezo. Lakini ikiwa kunageuza sadfa za Shetani Msalabani kuwa maelezo ya umilikaji, na marudio ya The Cockroach Dance kuwa kalenda ya kodi, basi neno limefanya kazi ambayo istilahi inapaswa kufanya.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba 'ploti', 'msuko' na 'mpangilio' si visawe, na kwamba wingi wa maana za neno plot, ambao katika Kiingereza ni jambo la kufukua, katika Nairobi ni jambo la kila siku kati ya Uhuru Park na Kangemi. Haipendekezwi kwamba istilahi moja ishinde na nyingine zifutwe. Linalopendekezwa ni kwamba mhakiki anapoandika mojawapo, ajue anamtazama nani: mtunzi, mwenye ardhi, au mpangaji. Walimu wanaweza kuanza kwa kuwakatalia wanafunzi kuzibadilisha ovyo ndani ya insha moja. Watafiti wa uzamili wana kazi kubwa zaidi, ya kuisoma upya riwaya ya Nairobi, ya Kiswahili na ya Kiingereza, kwa kuuliza kila mara ni nani aliyechora mistari ambamo wahusika wanaishi, na kama kuna mahali popote katika kitabu ambapo wanaolipa kodi wamepewa nafasi ya kupanga.